Siku nzima Nansio, tukihama na kivuli

Wifi yangu anaishi Houston. Agosti 2024 yeye, mumewe na watoto walipanda meli ya kitalii bandari ya Galveston, Texas, wakazunguka Ghuba ya Meksiko siku tano. Ninazijua siku hizo tano kuliko ninavyoikumbuka fungate yangu, maana picha zote zilimwagwa kwenye kundi la familia la WhatsApp. Meli yenyewe ni ghorofa juu ya ghorofa, na juu kabisa kuna bwawa la kuogelea, kana kwamba maji ya chini hayatoshi. Siku ya tatu wakafunga gati Cozumel, kisiwa cha Meksiko. Watu wakashuka na kandambili, wakanunua kofia za ukindu, wakajilaza ufukweni wakinywa vitu vilivyochomekwa vimwavuli. Chini ya picha wifi akaandika: "Leo siku ya bandarini. Joto kali, hakuna cha kufanya, raha tupu."

Hilo la "hakuna cha kufanya" ndilo lililonichoma. Mimi nauza vitenge Makoroboi, katikati ya jiji la Mwanza. Tangu 2011 sikumbuki siku niliyoamka nikakosa cha kufanya. Hata Jumapili nikitoka kanisani nakaa na daftari la madeni nikipiga hesabu nani kalipa nusu, nani kahama mtaa. Nikamgeukia mume wangu, nikamwonyesha simu.

"Baba Neema, na sisi si tuna ziwa?"

Baba Neema ni mwalimu wa Jiografia, sekondari. Ukimuuliza swali dogo anakujibu kama anasahihisha mtihani. "Tuna ziwa la kilomita za mraba 68,800," akasema bila kuinua macho. "Na sehemu kubwa ni yetu, kuliko ya Uganda, kuliko ya Kenya."

"Basi nipeleke kwenye hiyo sehemu yetu."

Ndivyo ilivyokuwa. Tukapanga Jumamosi ya tarehe 19 Oktoba, wiki ambayo ndoa yetu ilitimiza miaka 12. Tungeondoka asubuhi kwenda Nansio, Ukerewe, tushuke, tule samaki, tukae tu, halafu turudi na boti hiyohiyo mchana. Nikajishonea gauni la kitenge cha bluu, la picha. Kofia ya ukindu nilinunua kwa jirani yangu wa Makoroboi, akanipunguzia shilingi mia tano baada ya kuvutana robo saa.

Mama yangu alikuja Ijumaa jioni kukaa na watoto. Hakutuzuia, ila usiku tukiwa tunaosha vyombo akaniuliza, "Hiyo boti ina maboya ya kutosha?" Nikamwambia yapo. Akaendelea kusugua sufuria. Mama hajapanda chombo chochote cha majini tangu Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza, upande wa Bwiru. Nilikuwa darasa la tatu. Ninachokumbuka si mengi. Nakumbuka watu wazima wakitembea kwa makundi kuelekea ufukweni bila kuzungumza, na mama akituzuia tusitoke nje ya ua. Wengi wa waliokufa walizikwa Igoma. Mpaka leo, ukitaja meli mbele ya mtu wa Mwanza wa umri wa mama, kuna kimya kidogo kinapita kwanza ndipo anakujibu.

Tukaondoka Bandari ya Kaskazini saa tatu na dakika kumi asubuhi. Jina la boti nitaliacha, na mtaona kwa nini. Daraja la kwanza lina viti vya kitambaa na televisheni inayocheza kwaya, lakini tulikaa nje juu, kwenye mabenchi, maana niliambiwa ukienda matembezi ya meli unakaa nje. Chini walikuwa wamepakia mabati, saruji, kreti za soda, pikipiki tatu mpya zikiwa bado zimefungwa nailoni, na magodoro yaliyopangwa hadi karibu na dari. Juu ya magodoro walikuwa wamelala vijana wawili, na sijaona abiria wa daraja la kwanza aliyekuwa na raha kama wao. Jogoo mmoja alifungwa kamba kwenye mguu wa benchi letu. Kila nikisogeza mguu ananidonoa kidole.

Jiwe la Bismarck likabaki nyuma yetu, likawa dogo. Kirumba ikapita kulia, pale soko la samaki la Mwaloni, kisha Bwiru. Ziwa lilikuwa limetulia kama chai iliyosahaulika mezani. Baba Neema akaanza kunieleza kwamba asubuhi ziwa hutulia hivi kwa sababu nchi kavu bado haijapata moto. Jua likishaichoma, hewa ya nchi kavu inapanda, hewa ya ziwani inaingia kuchukua nafasi yake, ndiyo upepo wa mchana. Usiku mambo yanageuka. Nikamuuliza, "Kwa hiyo tukifika saa sita tutakuwa katikati, hakuna upepo wa asubuhi wala wa mchana?" Akafikiri. "Inawezekana," akasema. Kisha akalala. Mume wangu ana kipaji hicho. Anaweza kulala ameegemea kitu chochote kisichotembea sana.

Tukaingia Nansio saa sita na robo, na kweli hapakuwa na upepo wa asubuhi wala wa mchana.

Sijui nilielezeeje joto lile. Sisi wa Mwanza tunajua jua, mji mzima umejengwa juu ya mawe na mawe yanahifadhi moto mpaka usiku. Lakini Nansio mchana ule hewa ilikuwa imesimama kabisa. Bendera ya pale bandarini ilikuwa imelala kwenye mlingoti kama taulo. Mbuzi walikuwa wamejibanza kwenye ubavu wa mtumbwi uliopinduliwa, kwenye kivuli chembamba kama mkanda, wamejipanga wanne kichwa kwa mkia. Waendesha bodaboda waliokuja kupokea abiria waliita mara moja tu, kwa heshima, kisha wakarudi chini ya mti. Nimezoea bodaboda wa Mwanza wanaokuvuta mkono. Hawa walituangalia kama wanaotuombea tusiwape kazi.

Karani wa boti akatutangazia: "Saa nane kamili tunaondoka! Saa nane kamili!"

Baba Neema alikuwa na mpango wa kwenda Handebezyo, kwenye vilima vyenye mawe ambako unaliona ziwa vizuri. Tukapiga hesabu ya kwenda na kurudi, muda haukutosha. Tukaamua kula.

Mamantilie tuliyemfuata ana meza mbili chini ya turubai nyuma ya soko. Shikamoo, marahaba, karibuni, mnakula nini, kuna sato na sato. Tukasema sato. Alituletea kila mtu samaki mzima kwenye sahani ya bati, amekaangwa mpaka mapezi yanavunjika kama biskuti, na chini yake ugali wa muhogo. Ugali wa muhogo watu wa mjini wanauogopa kwa rangi yake na kwa kuvutika kwake. Mimi nimelelewa nao kwa bibi. Unaumega kwa ncha za vidole, unaubonyeza kidogo, unachota mchuzi, unameza bila kutafuna sana. Kulikuwa na kachumbari ya nyanya na kitunguu, na nusu ndimu iliyokauka kidogo. Sato wa pale ana utamu ambao siupati Mwanza mjini, ambako tunauziwa samaki aliyekwisha kusafiri na barafu. Nyama ya shavuni ilikuwa imejaa. Baba Neema akatoa ya kwake akaniwekea pembeni mwa sahani yangu, bila kusema, kama anavyofanya miaka yote. Jasho lilinitoka kwenye kope. Tulikunywa maji lita tatu, sote wawili.

Nikapiga picha ya sahani nikaituma kwenye kundi. Houston ilikuwa bado usiku, nikajua wifi ataiona akiamka.

Saa nane kasoro tukarudi bandarini. Karani yuko kivulini, shati amefungua vifungo. "Nusu saa tu, mama. Fundi anamalizia."

Saa nane na nusu: "Nusu saa."

Saa tisa akaacha kusema nusu saa, akasema kuna kipuri kinasubiriwa kutoka Mwanza, kitakuja na chombo kingine. Saa ngapi? Hakusema. Mtu wa pembeni akapendekeza turudi kwa kuzunguka, kivuko cha Rugezi hadi Kisorya, halafu basi kupitia Bunda. Nikaangalia gauni langu la bluu, nikafikiria basi, nikakataa. Nilitaka kukasirika, nilikuwa na haki kabisa, tungekuwa tumekwenda Handebezyo mara mbili. Wifi alituambia kwamba kule kwao saa ya kurudi melini inajulikana tangu asubuhi, na ukichelewa inakuacha Meksiko na kandambili zako. Huku abiria wote tupo, tumekwisha nawa mikono, na meli ndiyo imechelewa.

Lakini kukasirika kunahitaji nguvu. Tukaenda chini ya mwembe.

Mwembe huo uko hatua kama hamsini kutoka majini, na chini yake kuna benchi refu la mbao. Walikuwapo wanaume sita wakicheza drafti, vizibo vya soda dhidi ya vizibo vya bia, ubao umechorwa kwa mkaa kwenye kipande cha kreti. Walitusogezea nafasi bila kuulizana. Nilipoangalia ufukweni ndipo nikashangaa. Mitumbwi ilikuwa imevutwa juu, mmoja baada ya mwingine, imelala ubavu. Nyavu zimeanikwa. Vijana wamelala ndani ya mitumbwi wamejifunika fulana usoni. Siku ya Jumamosi, watu wenye nguvu zao.

"Leo ni sikukuu gani huku?" nikauliza.

Mzee mmoja mwenye kofia ya bluu iliyopauka akacheka. "Mwezi, mwanangu. Mbalamwezi."

Nilijua dagaa wanavuliwa kwa taa, nani Mwanza hajui. Usiku ukisimama Capri Point unaziona taa kule ziwani kama mji mwingine. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi taa za betri na za sola. Ila sikuwahi kufikiri upande wa pili wa jambo hilo. Dagaa wanafuata taa kwa sababu kuna giza. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote ni taa moja kubwa, dagaa wametawanyika, hakuna anayeijali taa yako ndogo. Unachoma mafuta bure. Kwa hiyo mwezi ukijaa wavuvi wa dagaa wanapumzika siku kadhaa, wanashona nyavu, wanakwenda kuona familia, wanadaiwa na tajiri wa mtumbwi, wanalala. Mwezi ukianza kuchelewa kutoka wanarudi. Kipindi cha kazi wanakiita giza, hivyo tu. "Tukionana giza lijalo nitakulipa," unasikia mtu anamwambia mwenzake, na deni limeandikwa.

Nikamwangalia mzee, nikaangalia vijana mitumbwini. Kumbe nilikuwa nimefika katikati ya uvivu wenye kalenda. Wifi alilipia tiketi kuupata, hawa wanaletewa na mwezi kila baada ya wiki nne, wautake wasiutake. Na kwa jinsi walivyokuwa wanavizia vizibo vile, sikuona kama wote wanautaka.

Basi kivuli kikahama. Sikukiona kikihama, niliona tu jua limenikalia goti la kushoto, na hapohapo wanaume wote sita wakasimama, mmoja akiwa ameshika ubao wa drafti usawa usimwage vizibo, wengine wakabeba benchi, wakalisogeza hatua tatu upande wa mashariki, wakakaa. Hakuna aliyesema neno. Baba Neema alikuwa amelala ameegemea shina. Alipohamishwa alitembea na macho yamefumba.

Mzee wa kofia ya bluu alikuwa mfanyakazi wa meli, miaka hiyo. Alikuwa chini, kwenye mashine, kazi ya mafuta na grisi. Nilimwambia kwamba tumekuja kutembea na meli kama wazungu, akanitazama kwa huruma. "Hiyo mliyopanda ni boti," akasema. Meli kwake ni MV Victoria. Akanisimulia ilivyotengenezwa Scotland, ikavunjwa ikaja vipande vipande, ikaunganishwa upya Kisumu, ikaanza kazi 1961. Wakati huo meli za ziwa zima zilikuwa chini ya shirika moja la reli na bandari la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika 1977 zikagawanywa kama mali za mirathi. "Victoria ikabaki na sisi," akasema, kifua mbele, kama vile yeye ndiye aliyegawa. Nikamuuliza kama bado anaipanda, maana ilikarabatiwa ikarudi majini 2020. Akasema aliipanda mara moja kwenda Bukoba. Alishuka hadi mlango wa chumba cha mashine akasimama pale akisikiliza. "Sauti si ile," akasema. Akarudi kwenye drafti, akala vizibo viwili vya bia kwa mpigo.

Kama saa tisa na nusu hivi nilikwenda kuosha miguu. Watoto walikuwa wanaogelea, na mimi maji yalinivuta sana, nitasema ukweli. Lakini pale pembeni kuna matete na maji yamesimama, na konokono wadogo wamejibandika kwenye majani. Nikakumbuka shule ya msingi, tulivyopangwa mstari mbele ya fimbo ndefu yenye alama, unapimwa urefu, na urefu wako ndio unaosema utameza vidonge vingapi vya kichocho. Mimi nilikuwa mrefu. Vile vidonge ni vikubwa na vichungu, na mwalimu anasimama mbele yako mpaka umeze. Nikanawa kwa maji ya chupa.

Hapo ndipo nilipomwona mama wa dagaa.

Alikuwa peke yake kwenye uwanja mpana wa mchanga ambao siku za giza, alinieleza baadaye, hauna pa kukanyaga. Alikuwa ametandika nyavu kuukuu chini na juu yake dagaa, kama magunia mawili hivi. Anatembea katikati ameinama, na reki ya mbao anawageuza. Karibu yake kulikuwa na vichanja vya waya, vitupu. Nikamwamkia, akaitikia bila kuacha kazi. Nikachuchumaa nikashika dagaa mmoja. Dagaa mzuri aliyekaushwa vizuri anang'aa kama karatasi ya sigara. Huyu alikuwa wa kahawia, na akikunjwa hakatiki, anapinda.

"Wamenyeshewa Alhamisi," akasema. "Niliwaanua nusu, nusu ikalowa. Hawa sasa ni wa kuku."

Akanifundisha kwa maneno machache. Dagaa wa kichanjani, asiye na mchanga, ni chakula cha watu na bei yake ni ya watu. Wa mchangani, na hasa akinyeshewa, anakwenda kwa wanaotengeneza chakula cha mifugo, na bei wanapanga wao. Alikuwa anataka wakauke siku ile ili awapeleke Mwaloni Kirumba jioni, auze alfajiri, alipe aliyemkopesha. Joto hili nililokuwa nalilalamikia tangu saa sita, yeye alikuwa amelisubiri siku mbili. Alisema, "Leo Mungu kanipa jua," na jasho lilikuwa linamdondoka kwenye ncha ya pua.

Nikabaki nimechuchumaa, kofia yangu ya ukindu kichwani, nikajiona kituko.

Upepo ukaja ghafla, ule wa Baba Neema. Kwanza bendera ikanyanyuka, kisha majani ya mwembe yakageuza upande wao mweupe. Nikafurahi, nikatanua mikono. Mama wa dagaa yeye akaangalia juu. Nyuma ya soko, upande wa bara, kulikuwa na wingu ambalo sikuliona lilipoanza, jeusi chini, jeupe juu, limesimama kama mnara. Tone moja likanipiga mkononi. Moja tu.

"Yesu wangu," akasema, na akaanza kukimbia.

Sikupata kuona jambo kama lile. Yule mama hakuita mtu. Lakini chini ya mwembe ubao wa drafti ulitupwa chini, na wale wanaume sita wakawa mchangani kabla sijasimama vizuri. Vijana wakachomoka ndani ya mitumbwi wakivaa fulana huku wanakimbia. Watoto wakatoka majini wanatiririka, wakafukuzwa wasiwalowanishe dagaa. Wawili wanashika pembe za wavu, wanakunja kuelekea katikati, dagaa wanateremka kama maji, wa tatu anafungua mdomo wa gunia. Mtu akanipa pembe. Nikashika. "Vuta, mama! Vuta, usiinue!" Nikavuta. Kofia ikaruka, sikuifuata. Nilipiga magoti mchangani na gauni langu la picha, nakusanya kwa viganja waliomwagika, na mzee wa kofia ya bluu, mtu wa miaka sabini na kitu, amepiga magoti pembeni yangu anafanya vilevile. Turubai likatokea sijui wapi. Magunia yakawekwa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, turubai juu, mawe juu ya turubai. Nadhani haikuzidi dakika sita.

Tukasimama tunahema, tunaangalia mbinguni.

Matone matatu mengine yakaanguka. Halafu wingu likasogea zake upande mwingine, kimyakimya, kama mgeni aliyekosea nyumba, na jua likarudi palepale lilipokuwa.

Hakuna aliyecheka kwanza. Kisha mama wa dagaa akacheka, akashika kiuno akacheka mpaka akakaa chini, na sisi tukamfuata. Kisha wakaanza kuwatandaza upya. Wale vijana walibaki mpaka wavu wa mwisho, ndipo wakarudi kulala. Wachezaji drafti wakaokota vizibo, wakabishana dakika kumi juu ya nani alikuwa wapi. Mzee akadai alikuwa na kingi, wengine wakakataa katakata. Benchi likahamishwa mara ya tatu.

Baba Neema alikuwa bado amelala. Yote hayo yalipita. Nilipomkalia pembeni akafumbua jicho moja, akanusa. "Kuna harufu ya dagaa," akasema.

Nikamwonyesha kucha zangu. Magamba yalikuwa yamejaa mpaka kwenye pete.

Simu ikalia, wifi ameamka. Nilidhani atasema kitu kuhusu gauni au kisiwa. Aliandika: "Huyo sato ni wa Nansio? Mnakula shavu bila mimi? Huku ninanunua kipande kimeganda, hakina hata kichwa." Baada ya hapo akatuma uso unaolia, mara sita. Sikujua nimjibu nini. Nikamtumia picha ya mbuzi wanne kwenye kivuli cha mtumbwi.

Kati ya saa kumi na saa kumi na mbili sina la kuandika. Nilinunua machungwa kwenye ndoo, Ukerewe wana machungwa ya ganda la kijani, ukiyaona unadhani mabichi. Nilimenya moja, nikala, nikamenya lingine. Nilihesabu mara benchi lilipohamishwa, zikawa nne, kisha mwembe wote ukawa kivuli na hapakuwa na haja tena. Sikulifikiria daftari la madeni, na sikugundua kwamba sikulifikiria mpaka kesho yake nilipolifungua.

Kipuri kikaja saa kumi na moja na nusu. Boti ikapiga honi saa kumi na mbili na dakika arobaini, giza limeanza. Tuliagana na wale wa benchi kama ndugu. Mzee akaniambia nisikilize mashine, nikisikia inakohoa nihamie upande wa maboya. Sikupenda huo utani, nikamfikiria mama. Nilimpigia kumwambia tumeondoka, akasema sawa, na nilijua hatalala mpaka asikie geti.

Juu kwenye mabenchi kulikuwa na upepo mzuri wa baridi. Mama wa dagaa alikuwapo, amekaa juu ya gunia lake moja alilokataa kulishusha chini na mengine, amejifunga khanga mabegani. Nikampa chungwa. Tulikula bila kuongea sana. Aliniuliza mume wangu anaumwa nini, anavyolala hivyo. Nikamwambia ni mwalimu.

Saa mbili na kitu mwezi ukatoka. Ulitoka upande wa kushoto wa njia yetu, mkubwa, mwekundu, umelika kidogo pembeni, na mara ziwa likapata barabara kutoka pale mpaka kwenye boti. Abiria wakaanza kunyanyuka. Simu zikatoka, watu wakasogea ukingoni, msichana mmoja akamwomba mwenzake ampige picha ameushika mwezi kiganjani. Hata vijana wa magodoro walipanda juu. Nami nikatoa simu yangu.

Mama wa dagaa aliutazama, mdomo umejaa chungwa. Akatema mbegu kiganjani, akafyonya.

"Bado siku tano," akasema, akanigeuzia mgongo akalala juu ya gunia lake.